Kansa ya Uume: Maradhi Yanayofichwa kwa Haya

Yako maradhi ambayo mtu huyasimulia barazani bila kuulizwa. Mwenye homa huwaeleza jirani zake jinsi alivyotetemeka usiku kucha, na mwenye jino bovu hufunua kinywa ili wenzake walione. Yako pia maradhi ambayo mtu huyafunika kwa nguo, kwa giza na kwa uongo, mpaka ifike siku ambayo hayafunikiki tena. Makala yetu ya juma hili yanahusu maradhi ya namna hiyo ya pili, nayo ni kansa ya uume, ambayo wengine huiita saratani ya uume. Tunawaomba radhi wazee ambao huenda wakasomewa ukurasa huu na wajukuu zao. Lakini wahenga walisema kwamba mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua. Nasi tumeona afadhali kuzungumza kuliko kulia.

Nilikuwa na mjomba aliyetumikia polisi kwa miaka 26. Alikuwa mtu wa nidhamu, ambaye hata baada ya kustaafu alipiga pasi suruali yake kabla ya kwenda kwenye migomba. Alipokuwa na umri wa miaka 54 aliona kiupele kigumu chini ya govi. Hakikuuma, kwa hiyo alikiacha. Baada ya miezi mitatu kikawa kidonda. Akanunua marhamu dukani, kisha akanunua vidonge vya rangi mbili, kisha akachomwa sindano na mtu asiyekuwa mganga, na mwisho akapewa unga wa mizizi. Kidonda kiliendelea kukua.

Mkaza-mjomba ndiye aliyekuwa akifua mashuka. Aliona madoa, akasikia na harufu. Baada ya matanga alitueleza kwamba alidhani mumewe ameleta ugonjwa wa zinaa kutoka mjini, akanyamaza ili asivunje nyumba uzeeni. Mjomba naye alinyamaza kwa sababu alijua kwamba mkewe atadhani hivyo. Watu wawili waliopendana waliishi chini ya paa moja kwa miezi 14, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote wawili walilijua. Alipofikishwa hospitali, mitoki ya kinenani ilikuwa imekwisha kupasuka. Daktari alimwuliza, "Mbona umechelewa hivi, mzee?" Mjomba akajibu, "Nilikuwa nangoja kipone ili nisilazimike kukionyesha." Hakufikisha mwaka.

Daktari yule alituambia kwamba kama kidonda kile kingeonyeshwa kilipokuwa na ukubwa wa punje ya harage, kingeondolewa na mjomba angerudi kwenye migomba yake. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

KANSA NI NINI?

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, ndogo zisizoonekana kwa macho. Kila siku chembe zilizochakaa hufa na nyingine huzaliwa mahali pake, kwa utaratibu kama ule wa askari wa zamu wanaopokezana lindo. Kansa huanza pale chembe chache zinapoasi utaratibu huo. Huzaana bila kukoma, husukuma chembe nzuri kando, na hatimaye hutoka mahali zilipoanzia na kwenda kujenga kambi sehemu nyingine za mwili.

Kansa ya uume karibu yote huanzia katika ngozi, hasa ngozi ya kichwa cha uume au ngozi ya ndani ya govi. Huanza juu juu. Kisha huchimba kwenda ndani, na inapopata njia hupita katika mishipa ya limfu mpaka kwenye tezi za kinenani, yaani pale panapotokea mitoki. Kutoka hapo huingia tezi za ndani ya nyonga, halafu mapafu, ini na mifupa. Safari hiyo kwa kawaida huenda kituo kwa kituo, na hiyo ndiyo rehema ya ugonjwa huu. Anayeuwahi katika kituo cha kwanza ana matumaini makubwa ya kupona, lakini asiyetibiwa kabisa mara nyingi hamalizi miaka miwili.

NI UGONJWA WA NANI?

Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 36,000, na waliokufa kwa ugonjwa huu walizidi 13,000. Katika Amerika ya Kaskazini na sehemu nyingi za Ulaya ni nadra: kwa mwaka hupatikana kama mtu mmoja, au pungufu, katika kila wanaume 100,000. Huonekana zaidi katika baadhi ya nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, hasa kaskazini-mashariki ya Brazil.

Uganda ina historia yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Hospitali ya Mulago waliuona ugonjwa huu mara nyingi sana, hata ukahesabiwa miongoni mwa kansa za kwanza kabisa kwa wanaume. Mwaka 1966 Dakta Sebastian Kyalwazi, mmoja wa Waafrika wa kwanza kuwa daktari mpasuaji katika Afrika ya Mashariki, alichapisha taarifa ya wagonjwa 153 wa kansa ya uume waliolazwa Mulago. Wataalamu wengine walilinganisha Uganda na Kenya, na kabila na kabila. Waliona kwamba ugonjwa ulikuwa adimu kwa watu wanaotahiri wavulana wao, na wa kawaida zaidi kwa wasiotahiri. Lakini waliona pia kwamba hata miongoni mwa wasiotahiri kiwango hakikuwa sawa kila mahali. Maana yake ni kwamba govi peke yake silo linaloleta kansa. Yapo mambo mengine yanayosaidiana nalo.

Tangu miaka ile kansa nyingine, kama ile ya tezi dume, zimeupita ugonjwa huu kwa idadi ya wagonjwa. Hata hivyo haujatoweka. Wengi wanaoupata wamepita miaka 50, lakini wapo pia wenye miaka 40, na hata vijana wa miaka 30 walio katika utumishi.

SABABU ZAKE

Watu hutaja sababu nyingi. Wengine husema mgonjwa amerogwa na mke aliyeachwa, wengine husema ni adhabu ya uzinzi. Hayo tuyaweke kando, tuyatazame yale ambayo uchunguzi umeyathibitisha.

Sababu ya kwanza ni govi lisilofunuka. Kuna wanaume ambao govi lao limebana hata haliwezi kuvutwa nyuma. Chini yake hukusanyika ukoko mweupe wa chembe zilizokufa na mafuta ya ngozi, na kwa kuwa haufikiwi na maji, ngozi huwaka na kuvimba mara kwa mara. Uvimbe wa miaka mingi huandaa shamba la kansa. Mwanamume mwenye govi la namna hiyo ana hatari ya kupata ugonjwa huu mara kumi hivi kuliko mwenzake.

Sababu ya pili ni kirusi kiitwacho papiloma. Kirusi hiki huenezwa kwa kugusana kwa ngozi wakati wa kujamiiana. Kina aina nyingi. Baadhi huleta masundosundo tu, yaani vinyama vya sehemu za siri, lakini aina nyingine, hasa ile inayoitwa namba 16, huweza kugeuza chembe hai kuwa kansa. Takriban nusu ya kansa za uume hukutwa na kirusi hiki. Ndicho hicho hicho kinacholeta kansa ya mlango wa kizazi kwa wanawake, jambo lililogunduliwa na mtaalamu wa Kijerumani Harald zur Hausen katika miaka ya 1980, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Nusu nyingine ya wagonjwa hawana kirusi hiki. Kwa hiyo yeyote anayemnyooshea kidole mgonjwa na kumwita mzinzi husema asilolijua. Mjomba wangu alikufa na aibu ambayo huenda haikuwa yake.

Sababu ya tatu ni tumbaku. Wengi hushangaa kusikia kwamba moshi unaoingia kinywani unaweza kudhuru sehemu iliyo mbali hivyo. Lakini sumu ya tumbaku huingia katika damu, na damu hufika kila mahali. Wavutaji hupata ugonjwa huu mara kadhaa zaidi ya wasiovuta.

Sababu ya nne ni upungufu wa kinga mwilini. Mwenye virusi vya ukimwi ambaye hatumii dawa hushindwa kukifukuza kirusi cha papiloma, kwa hiyo hatari yake huongezeka. Mwisho, kuna ugonjwa wa ngozi unaofanya kichwa cha uume na govi kuwa na mabaka meupe, magumu, yanayokaza. Mwenye mabaka hayo atibiwe na achunguzwe mara kwa mara.

DALILI ZA KUANGALIA

Ugonjwa huu huanza mahali ambapo mwenyewe anaweza kupaona kila siku anapooga. Haukujificha ndani kama kansa ya ini au ya tumbo. Mwanamume aangalie mambo yafuatayo:

1. Kidonda, kiupele au kinyama katika kichwa cha uume au ndani ya govi, kisichopona kwa majuma matatu au manne. Mara nyingi hakiumi, na kutouma kwake ndiko kunakomdanganya mtu.

2. Ngozi iliyobadilika rangi, iliyokuwa nene, au baka jekundu kama mahameli lisiloondoka.

3. Majimaji yenye harufu mbaya, au damu, itokayo chini ya govi.

4. Govi lililokuwa likifunuka zamani ambalo sasa limekaza, au uvimbe mgumu unaosikika kwa vidole chini ya govi lisilofunuka.

5. Mitoki, yaani uvimbe wa tezi za kinenani upande mmoja au pande zote mbili.

SI KILA KIDONDA NI KANSA

Tusije tukawatia watu hofu bure. Vidonda vingi vya sehemu za siri si kansa. Kaswende huanza kwa kidonda kigumu kisichouma, ambacho hupona chenyewe baada ya majuma matatu mpaka sita, ingawa ugonjwa hubaki katika damu na lazima utibiwe. Pangusa huleta vidonda laini vinavyouma sana, pamoja na mitoki. Malengelenge ya sehemu za siri hutokea kwa makundi, huuma, hukauka, kisha hurudi tena baada ya muda.

Mtu wa kawaida hawezi kuyatenga maradhi haya kwa kutazama tu, na hata mganga mzoefu hukosea. Basi ifuatwe kanuni moja rahisi. Kidonda kikitokea, nenda zahanati ukapimwe damu na kutibiwa. Kama baada ya matibabu kamili na majuma matatu hakijapona, usikubali kupewa vidonge vingine kwa mara ya pili na ya tatu. Omba barua ya kwenda hospitali yenye daktari mpasuaji. Mjomba wangu alitibiwa ugonjwa asiokuwa nao kwa zaidi ya mwaka mzima, na hakuna hata mmoja kati ya waliomwuzia dawa aliyemwambia avue nguo amtazame.

DAKTARI ATAFANYA NINI?

Wengi huogopa hospitali kwa sababu hawajui yatakayowapata huko. Tueleze hatua kwa hatua.

Kwanza daktari atakuuliza maswali: kidonda kilianza lini, kilikuwaje, unavuta tumbaku, umetahiriwa au hukutahiriwa. Jibu kwa ukweli, maana daktari si hakimu. Kisha atatazama na kugusa kidonda ili ajue ukubwa wake na kina chake, na atapapasa kinena pande zote mbili. Mgonjwa anayeona haya mbele ya daktari mwanamke ana ruhusa ya kuomba mwanamume kama yupo. Kama hayupo, akumbuke kwamba mama yake alipomzaa alipokewa na mikono ya watu wasiomjua, wala hakufa kwa haya.

Hatua ya pili ndiyo yenye hukumu. Daktari atatia ganzi, atakata kinyama kidogo katika kidonda, na kukipeleka maabara kikatazamwe kwa hadubini. Bila kipimo hicho hakuna mtu awezaye kusema kwa hakika kwamba hii ni kansa au siyo. Watu husema kwamba kansa ikiguswa kwa kisu hukasirika na kusambaa. Si kweli. Kinachoisambaza ni kungoja.

Ikithibitishwa kwamba ni kansa, huulizwa swali la tatu: imefika wapi? Hapo hutumika picha za mwili, kama ile ya mawimbi ya sauti ambayo akina mama wajawazito wanaijua, pamoja na mashine kubwa zaidi pale zilipo. Tezi za kinenani hupewa uangalifu wa pekee. Si kila mtoki una kansa. Mwingine umevimba kwa sababu kidonda kimeingia usaha. Kwa upande mwingine, kinena kisichokuwa na uvimbe wowote kinaweza kuficha chembe za kansa kwa kama mgonjwa mmoja kati ya watano.

Katika jambo hili ugonjwa huu unaofichwa umewafaidia hata watu wasiokuwa nao. Mwaka 1977 daktari wa Paraguay, Ramón Cabañas, aliyekuwa akichunguza wagonjwa wa kansa ya uume, alieleza kwamba kuna tezi moja iliyo kama mlinzi wa lango. Kansa inapotoka kwenye uume hufika kwanza kwenye tezi hiyo. Ikitolewa na kupimwa, na ikaonekana safi, huenda nyingine nazo ni safi, na mgonjwa akaepushwa na upasuaji mkubwa. Fikra hiyo baadaye iliendelezwa, na leo inatumika kwa wanawake wengi wenye kansa ya matiti.

MATIBABU YAKE

Matibabu hufuata hatua ya ugonjwa. Ukiwa bado juu ya ngozi tu, daktari anaweza kutumia marhamu maalumu ya kuua chembe za kansa, au kuondoa ngozi iliyoathirika. Ukiwa katika govi peke yake, pengine kutahiri tu, pamoja na kuondoa sehemu iliyoizunguka, kunatosha. Zamani wapasuaji walikata sentimita mbili za nyama nzima kupita mpaka wa kidonda. Siku hizi imeonekana kwamba milimita chache zinatosha kwa wagonjwa wengi, kwa hiyo sehemu kubwa ya kiungo huokolewa.

Kansa iliyochimba ndani ya kichwa cha uume hudai kukatwa kichwa hicho, au sehemu ya mbele ya uume. Kwa aliyechelewa sana, uume wote huondolewa, na mpasuaji hutengeneza tundu la kupitishia mkojo katika msamba, nyuma ya korodani. Tezi za kinenani zenye kansa nazo hutolewa. Kazi hiyo ni kubwa, na mgonjwa huweza kubaki na uvimbe wa miguu, lakini inaokoa maisha pale ambapo kansa haijavuka kinena.

Mionzi hutumika kwa baadhi ya wagonjwa ambao kidonda chao ni kidogo, ili kuhifadhi kiungo, au kuongezea nguvu baada ya upasuaji. Dawa kali za kuua chembe za kansa, zinazotiwa kwa mshipa, hutolewa hasa pale tezi zilipovimba sana au ugonjwa uliposambaa. Katika Uganda makao makuu ya matibabu ya kansa ni Taasisi ya Kansa iliyoko Mulago, ambayo ilianzishwa mwaka 1967.

Je, watu hupona? Naam. Wanaotibiwa wakati kansa haijatoka kwenye uume, zaidi ya wanane katika kila kumi huwa hai baada ya miaka mitano. Ikifika kwenye tezi za kinenani idadi hiyo hupungua, na ikifika kwenye tezi za ndani ya nyonga wanaosalimika ni wachache. Aliyetibiwa hana budi kurudi kuchunguzwa kila baada ya miezi michache, hasa katika miaka miwili ya kwanza, kwa maana ndio wakati ambao ugonjwa hupenda kurejea.

MAISHA BAADA YA KISU

Hapa ndipo wanaume wengi husema, "Heri kufa." Tuwajibu polepole.

Kwanza, korodani kwa kawaida haziguswi. Ndevu hubaki, sauti hubaki na nguvu za mwili hubaki, kwa sababu hayo hutoka katika korodani. Pili, aliyekatwa sehemu tu mara nyingi huendelea kukojoa akiwa amesimama, na wengi wao huweza kuendelea na maisha ya unyumba. Aliyekatwa wote hukojoa akiwa amechuchumaa au ameketi, naye hulima, hufanya kazi na hulea watoto wake kama kawaida. Tatu, huzuni baada ya upasuaji huo ni jambo la kweli, wala si udhaifu. Mgonjwa asiachwe peke yake na mawazo yake. Mkewe, ndugu zake, na kiongozi wa dini anayemwamini wamkalie karibu.

Askari aliyekatwa mguu vitani hupokewa nyumbani kwa heshima. Aliyekatwa kiungo hiki na mpasuaji naye amerudi kutoka vitani, naye astahili mapokezi yale yale.

KINGA HUANZIA BAFUNI

Akina mama wanaosoma ukurasa huu kila juma watauliza wafanye nini na wavulana wao. Mtoto mchanga ambaye hajatahiriwa asivutwe govi kwa nguvu. Kwa watoto wengi govi limegandamana na kichwa cha uume kwa asili, na huachia lenyewe taratibu kadiri mtoto anavyokua. Kulivuta kwa nguvu huchana ngozi na kuleta makovu, na makovu hayo ndiyo yatakayolibana baadaye. Mwoshe kwa nje tu. Likishaanza kufunuka lenyewe, mfundishe mtoto kulirudisha nyuma, kuosha kwa maji na sabuni kidogo, kukausha, na kulirudisha mahali pake. Tabia hiyo ikishaingia utotoni haitoki. Mvulana anayekaribia utu uzima ambaye govi lake bado limebana, au ambaye hupata uvimbe mara kwa mara, apelekwe kwa daktari.

Kutahiriwa utotoni hupunguza sana hatari ya ugonjwa huu. Kwa anayetahiriwa akiwa mtu mzima faida hiyo ni ndogo zaidi, lakini zipo faida nyingine. Uchunguzi uliofanywa wilaya ya Rakai, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kutahiri hupunguza kwa kama nusu au zaidi hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya ukimwi. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hupunguza pia kirusi cha papiloma kwa takriban theluthi moja. Serikali ya Uganda ilitoa mwongozo wa tohara salama mwaka 2010. Atakaye kutahiriwa aende kwa wahudumu waliofunzwa, na baada ya hapo ajizuie na tendo la ndoa mpaka apone sawasawa, yaani majuma sita hivi.

Lakini tohara isigeuzwe kuwa silaha ya matusi kambini. Katika kikosi kimoja wamo Mgisu aliyepitia imbalu, Mwislamu aliyetahiriwa utotoni, na Mganda, Mwacholi au Mnyoro ambaye kwao jambo hilo halikuwa desturi. Asiyetahiriwa lakini anayejisafisha kila siku amejikinga kwa kiasi kikubwa, na aliyetahiriwa naye hana hati ya kutopata kansa kamwe. Wote wawili na wajitazame.

Hali kadhalika, acha tumbaku. Tumia kondomu, ingawa hupunguza tu maambukizo ya papiloma wala haiyaondoi yote. Uwe mwaminifu katika ndoa. Na kama una virusi vya ukimwi, usikatize dawa zako. Chanjo dhidi ya papiloma ilianza kutolewa Uganda nzima mwaka 2015 kwa wasichana wa umri wa miaka 10. Mzazi asimzuie binti yake, maana kirusi kinachozuiwa kwa binti leo ni kirusi ambacho mumewe hatakipata kesho.

NENO KWA WAKE NA KWA WAKUU WA KAMBI

Mke akiona madoa katika shuka, au akisikia harufu isiyo ya kawaida, asianze kwa mashtaka. Amwambie mumewe, "Baba fulani, nimeona jambo, twende tukaonwe." Kansa yenyewe haiambukizwi kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kula sahani moja. Hata hivyo, kwa kuwa kirusi cha papiloma hupita kati ya mume na mke, mke wa mgonjwa naye aende akachunguzwe mlango wa kizazi. Kipimo hicho hakichukui muda mrefu, na katika vituo vingi hufanywa kwa siki na taa.

Wakuu wa vikosi nao wana wajibu. Askari aliye mbali na nyumbani kwa miezi mingi, anayeoga kwa ndoo nusu ya maji, hana mahali pa faragha pa kujitazama. Apewe maji, na apewe nafasi ya kuonana na mganga bila kutangaza ugonjwa wake mbele ya foleni nzima. Akirudi na barua ya hospitali isiyotaja sehemu ya mwili, asiulizwe maswali ya mzaha. Mzaha mmoja gwarideni unaweza kuwanyamazisha wengine kumi wenye vidonda.

Mjomba wangu alipokuwa kazini alikagua bunduki yake kila asubuhi, akatazama kila chuma kama kina kutu, kwa sababu alijua kwamba kutu ndogo ikiachwa hula bunduki nzima. Hakuna aliyemfundisha kuutazama mwili wake vivyo hivyo. Ndugu msomaji, usiku huu unapooga, tazama. Kama ni salama, mshukuru Mungu na uendelee kujisafisha. Kama kuna kidonda ambacho umekuwa ukikingojea kipone, usikingoje tena. Mwambie mkeo usiku huu, na kesho mwende hospitali.